Ngazi ya Mwalimu

Mama alinipigia simu Jumapili moja asubuhi, mwezi Julai, kuniambia kwamba baba analiwa.

Baba yangu alifariki mwaka 2016. Nikanyamaza, nikamwacha aendelee. Akasema ameamka na kukuta vipande vya karatasi juu ya neti, vidogo kama pumba, na kimojawapo kina mwandiko wa marehemu. Vimedondoka kutoka darini, kwenye ule ufa wa silingibodi ulio juu ya kitanda chake. Huko juu ndiko lilikokuwa sanduku la baba la mbao, lenye stakabadhi za pamba, madaftari ya hesabu na barua za watu ambao wengi nao wametangulia. "Wanamla, mayo," Mama akasema. "Usiku nasikia meno."

Nyumba yenyewe iko ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema, katika kijiji ambacho ukisimama uani unaliona ziwa katikati ya mawe mawili makubwa. Baba aliijenga mwaka 1967 kwa fedha ya pamba. Zilikuwa enzi ambazo mkulima aliyevuna vizuri, akauza kwenye chama chake cha ushirika chini ya Victoria Federation, aliweza kuezeka bati na bado akabakiwa na hela ya baiskeli. Stakabadhi za mwisho sandukuni ni za mwaka 1976, mwaka serikali ilipovifuta vyama vya ushirika. Matofali ni ya kuchoma, vyumba vinne, bati la migongo. Dari ilikuja baadaye, kipande kwa kipande, kila msimu uliolipa, ndiyo maana bodi za chumba cha wageni hazifanani hata kidogo na za sebuleni. Pamba ilipoanguka bei, na ujenzi ukakomea hapo. Upande wa jikoni kuna bodi moja iliyokuwa inasubiri mwenzake tangu sijaanza shule.

Zamani kwenda kumwona Mama kulitaka moyo. Unafika Kigongo, unakuta foleni ya kivuko, unakula mahindi ya kuchoma mpaka unachoka, jua linakuzamia hapohapo. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita tatu za maji ni dakika chache tu. Maana yake visingizio viliniishia. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwa Mama, na mkobani nilikuwa na sumu.

Niliinunua Buhongwa, Mwanza, kwa mmoja wa wale vijana wa vipaza sauti ambao unawasikia dakika tano kabla hujawaona: dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto, panya akila hapa anaenda kufia kwa jirani! Mama aliipokea pakiti, akaishika mbali na macho kama anavyosoma kila kitu siku hizi, akatoka nayo. Niliporudi kunawa miguu nikamuuliza iko wapi. Akaniambia iko chooni, shimoni.

Ningemwelewa vibaya kama nisingeijua habari ya mwaka 2019. Kaka yangu alileta punje za namna hiyohiyo akazimwaga darini. Panya hali palepale tu. Nyingine hubeba, na nyingine zilidondoka ukutani mpaka uani. Kuku wanne wakaokota. Paka naye hakuokota kitu, alikula panya aliyekuwa anayumba, na siku ya tatu akakutwa chini ya kitanda damu inamtoka puani. Sumu nyingi za panya zinafanya kazi hivyo: zinazuia damu isigande, mnyama anavuja kwa ndani, na inachukua siku kadhaa. Siku zote hizo panya bado anatembea na sumu yake tumboni, na yeyote atakayemla anaila na yeye. Halafu hilo la kufia kwa jirani ni maneno ya kipaza sauti. Wa kwetu walifia darini, juu ya sebule, wiki ambayo wageni walikuja kuleta barua ya posa ya mdogo wangu. Mama mpaka leo anaamini mahari ilipungua kwa sababu ya ile harufu.

Lipo na jingine, nililolijua baadaye, ambalo lingempa nguvu zaidi kwenye ubishi wetu. Panya akifa, viroboto wake hawafi naye. Mwili ukipoa wanahama kutafuta damu ya moto, na aliyelala karibu ndiye mwenyeji mpya. Tauni humfikia mtu kwa njia hiyo. Watu wa Lushoto hawahitaji kufundishwa. Kwao ilianza kuripotiwa mwaka 1980 ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo kuua panya wengi kwa mpigo ndani ya nyumba wanamolala watu si ushujaa kama tunavyodhani.

Siku ile lakini sikuwa na habari na viroboto. Nilikuwa na hasira. Nikaenda kuazima ngazi kwa jirani, mzee mmoja aliyestaafu ualimu ambaye kijiji kizima kinamwita Mwalimu, nikapanda mwenyewe. Mwalimu alinisindikiza mpaka koridoni, akasimama chini ya ngazi mikono nyuma, kama anasimamia mtihani.

Saa sita mchana chini ya bati ni tanuri. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikavaa barakoa iliyobaki tangu enzi za korona, nikawasha tochi ya simu. Kitu cha kwanza ni harufu ya mkojo, kali, inayokuingia mpaka kooni. Cha pili ni barabara. Panya ana njia zake na hazibadilishi, anapita kandokando ya ukuta na juu ya kenchi zilezile kila usiku, na mafuta ya manyoya yake yanaacha alama nyeusi inayong'aa kama mpini wa jembe la zamani. Ukiifuata kwa tochi utajua anatoka wapi na anakwenda wapi. Njia zote za dari yetu zilikuwa zinakwenda mahali pamoja, na hapo ndipo nilipoanza kucheka kwa uchungu.

Mama alikuwa na dagaa darini. Gunia na nusu, pamoja na kiroba cha michembe na kingine cha matobolwa, viazi vitamu vya kukausha. Alivipandisha huko, akaniambia baadaye bila aibu, kwa sababu chini kuna unyevu na wajukuu. Na katikati ya gunia la dagaa na kiroba cha michembe, kwenye pembe ile kavu yenye joto, lilikuwa sanduku la baba limetobolewa ubavuni tundu la ukubwa wa shilingi mia.

Ndani kulikuwa na kiota. Sufi ya godoro la zamani, nyuzi za kitenge, na karatasi zimechanwa kwa ustadi vipande vyembamba kama tambi. Niliweza kusoma nusu ya neno "Daraja" kwenye kipande kimoja. Baba alikuwa mkali sana kuhusu pamba yake kupangwa daraja la kwanza. Juu ya hayo yote walikuwa wamelala vitoto saba, vyekundu, bila unyoya hata mmoja.

Sitajifanya mtu mwema. Nilitamani kuviponda. Nikapiga kelele chini kumwambia Mama nilichokiona.

"Vimefumbua macho?"

"Bado."

"Basi shuka. Subiri."

"Nisubiri nini, Mama? Wamekula stakabadhi za baba!"

"Hao hawajui kusoma," akasema. "Aliyeweka karatasi kwenye dagaa ni nani?"

Ni mimi. Baada ya arobaini ya baba mimi ndiye niliyelipandisha sanduku lile, nikalisukuma penye nafasi, nikashuka. Mwalimu pale chini alikohoa, nikajua amesikia.

Mama hakuwa anawaonea panya huruma kwa namna ya watu wa mjini wenye paka wa kulala kitandani. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyefuga. Ukimfungia mama nje na watoto wake wamebaki ndani, atakula ukuta. Meno ya mbele ya panya hayakomi kukua maisha yake yote, hivyo kutafuna kwake ni lazima, na akiwa na sababu anapita mbao, plastiki, hata saruji ambayo haijakomaa. Na vile vitoto vikifia ndani, tunarudi kwenye harufu ya 2019. Vitoto vya panya hufumbua macho kwenye wiki ya pili, na wiki ya tatu au ya nne vinaacha kunyonya na kuanza kutoka. Tukakubaliana wiki nne. Nilikubali kwa shingo upande.

Kabla sijashuka nikaona kitu kilichonitisha kuliko karatasi: waya wa taa ya sebuleni uko uchi, shaba inaonekana, kama sentimita tano hivi. Nyumba ya mbao juu na waya uchi, halafu Mama amelala chini yake. Tukazima meni suichi, tukamwita fundi umeme jioni ileile. Kama una panya darini na huna haraka, anza angalau na hilo.

Usafi nao una adabu yake. Usifagie mavi ya panya makavu, vumbi lake unalivuta. Nilichanganya jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, nikanyunyiza mpaka palowe, nikasubiri kama dakika tano, ndipo nikafuta kwa matambara nikiwa na glovu, na matambara nikayachoma. Tunaukumbuka ugonjwa ulioibuka Lindi Julai 2022, watu wakawa wanapata homa na kutokwa damu puani, ukathibitika kuwa leptospirosi, ukabatizwa Homa ya Mgunda. Vimelea vyake vinaishi kwenye mkojo wa wanyama, panya akiwemo, vinaingia kwa mtu kupitia kidonda, macho au mdomo. Kile kiota nilikiacha kama kilivyo. Sandukuni nilitoa karatasi zilizosalimika tu, nikazipanga kwenye tranka langu la bati la sekondari, lile lenye jina langu kwa rangi nyeupe. Kumbe bado linafunga vizuri.

Wiki nne ni ndefu ukiwa na hasira, na mtu mwenye hasira hununua vitu. Nilinunua mjini, pale Makoroboi, kidude cha kuchomeka kwenye soketi, kinachosemekana kutoa sauti ambayo binadamu haisikii na panya haivumilii. Usiku wa kwanza kimya. Usiku wa pili kimya, nikaanza kumtangazia kila mtu kazini. Wa tatu walirudi na nadhani waliongezeka. Panya huogopa kila kitu kipya, hata sufuria ukiihamisha, na baada ya siku mbili tatu anakizoea; tena sauti ya namna hiyo haipenyi bodi wala ukuta, inaishia chumba kilekile. Kidude sasa kinawaka taa ya bluu kwenye chumba cha wageni na wajukuu wanakipenda. Dada zangu wa WhatsApp walinishauri vile vidonge vyeupe vya kuweka kabatini, pilipili kichaa, vitunguu saumu, na mafuta ya taa. Vyote tulivijaribu. Kidonge kimoja cha kabatini tulikikuta baadaye kimesukumwa mpaka ndani ya kiota, kama mto.

Paka? Yupo. Ni mrithi wa yule wa 2019, amekuzwa kwa vichwa vya sangara na mapanki, na panya anawaangalia kama watoto wa jirani wanaopita na njia. Aliwahi kumkamata mmoja mdogo akamleta sebuleni akiwa hai, akamwacha, akaenda kulala.

Kisha nikanunua mtego wa waya, ule wa kukamata bila kuua. Mtego huu unafanya kazi, mradi uwe na subira: uweke wazi na chambo siku tatu nne bila kuutega, panya auzoee, ndipo uutege. Chambo chetu kilikuwa karanga za kusaga, maana dagaa walikuwa wameshawakinai. Nikakamata mmoja, dume, mkia mrefu kuliko mwili. Mkia huo ndio kitambulisho cha panya wa darini. Ni mpandaji, anautumia kujisawazisha juu ya waya na matawi. Nikapakia mtego kwenye bodaboda kumpeleka kwenye mawe ya upande wa ziwani, kama mita mia nne hivi.

"Dada, huyu unampeleka wapi?" dereva akauliza.

"Namwachia kule kwenye mawe."

Akaendesha kidogo. "Nauli yake nani analipa?"

Mkia wake ulikuwa umetokeza nje ya waya, na kwa sababu nisizoweza kuzieleza vizuri nilikuwa nimeupaka rangi ya kucha, nyekundu. Siku ya nne alfajiri nilikuta panya kwenye mtego uleule, na mkia wake una rangi ya kucha. Nilimwita Mama aje aone. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nikawaza kumpeleka mbali zaidi, ng'ambo ya kijiji, lakini huko kote ni kwa watu: mihogo ya mtu, ghala la mtu, dari ya mtu. Na kama ni porini tupu, panya aliyezaliwa juu ya sebule hajui kuishi huko, bundi atamwahi.

Bundi yupo, na sina budi kumtaja. Anakaa kwenye mawe, wa uso mweupe, na akilia usiku nyumba tatu zinaanza kuhesabu wagonjwa wao. Vijana wamemrushia mawe mara nyingi. Najua Mama hampendi. Bundi akitua juu ya bati lake anatoka nje na kumkemea kwa Kisukuma. Lakini ndege yule kila usiku anakula panya, wazimawazima, na asubuhi anatapika vidonge vya manyoya na mifupa ambavyo ukivipasua unahesabu mafuvu. Nilimpelekea Mama kimoja chenye mafuvu matatu. Akakigeuzageuza na kijiti. "Basi akae huko kwenye mawe yake," akasema, na kwa bundi wa kijijini kwetu hiyo ni hati miliki.

Kilichosaidia katika zile wiki nne kilikuwa cha bure na cha kuchosha: kuhamisha chakula. Dagaa na michembe vikaingia kwenye mapipa ya bati yenye mifuniko ya kubana, kwa sababu ndoo ya plastiki kwa panya ni usiku mmoja wa kazi. Mpunga tuliuhamishia kwenye kibanda cha nje kilichoinuliwa kwa nguzo karibu mita moja, kila nguzo imevishwa kofia ya bati iliyogeuzwa chini kama sahani, panya akipanda anagonga kichwa. Babu zetu walikuwa na vihenge juu ya mawe. Tuliviacha tukaanza kulala na magunia chumbani, na mwezi Julai, mashamba yakiwa yamevunwa na hakuna cha kula nje, panya wakatufuata ndani.

Wiki ya tano nikapanda. Kiota kilikuwa kitupu. Nikamwita fundi.

Fundi wetu ni kijana wa palepale kijijini, mwezeka mapaa, na jambo la kwanza alilolifanya ni kupanda darini mchana kweupe, akaniambia nifunge mfuniko na nizime tochi. Tulikaa gizani kama watu wanaosubiri kufufuka. Macho yalipozoea, nikaona. Nyota. Pande zote. "Kila penye mwanga, dada, pana mlango," akasema, akaanza kuhesabu.

Alihesabu kumi na sita. Palipobaki kidogo kati ya kila mgongo wa bati na ukuta, upande wote wa mbele na nyuma, alipahesabu kama tundu moja kwa ajili ya kunifariji. Kulikuwa na fishabodi iliyooza pembeni. Kulikuwa na matofali ya hewa ya baba, yale ya maua, mazuri, kila ua linapitisha panya wawili kwa mpigo. Kulikuwa na ile bodi ya jikoni iliyosubiri mwenzake. Panya mkubwa anapita penye kuingia kidole gumba, na yule mdogo wa nyumbani anapita penye kuingia penseli. Nilizunguka nyumba na penseli mkononi asubuhi nzima. Ni aibu kugundua kwamba nyumba uliyozaliwa hujawahi kuitazama ukuta wake.

Kwa zaidi ya miaka hamsini tumeua panya ndani ya nyumba ile, kwa mitego ya kubana, kwa fimbo, kwa sumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyepanda kuziba. Panya jike anabeba mimba kama wiki tatu, anazaa sita, saba, na hao wakifika miezi mitatu nao wanazaa. Unaua kumi, waliobaki wanapata chakula zaidi na nafasi zaidi. Tulikuwa tunawapunguzia foleni.

Tulinunua wavu wa chuma wa matundu madogo, ule mafundi wanauita kofitrei. Wavu wa kuku haufai, matundu yake ni makubwa. Fundi aliukata vipande virefu, akaukunja kufuata migongo ya bati, akaugongomea kwenye papi. Matundu madogo ya ukutani aliyajaza stilwaya ya kuoshea sufuria iliyokandwa na saruji, maana saruji mbichi peke yake wanaichokonoa. Matofali ya baba tuliyawekea wavu kwa ndani, hewa ipite; ukiziba hewa chini ya bati utaoka watu. Kabla ya kufunga kila pembe aliangalia kama kuna popo. Mavi ya popo ukiyafinya yanasagika, yana mabawa ya wadudu yanayometameta, ya panya ni magumu. Popo hakukuwa. Wangekuwepo, tungewasubiri na wao, na sijui Mama angenipa wiki ngapi tena.

Ugomvi ulikuwa tawi la mwembe. Lilikuwa limelala juu ya bati upande wa jikoni, daraja tosha. Fundi akataka nafasi ya mita mbili. Mama akasema tawi hilo ndilo linalozaa. Nikatetea upande wa fundi, nikaitwa mtu wa mjini. Mwishowe lilikatwa mita moja na nusu, na nusu ile iliyobaki kila mmoja anaihesabu kuwa ushindi wake.

Tundu moja hatukuliziba, lile la pembeni lenye alama nyingi za mafuta. Hapo fundi aliweka kipande cha bomba la plastiki kinachoelekea nje, mdomoni kaning'iniza kibati chepesi kinachofunguka kwa kusukumwa na kujifunga chenyewe. Anayetoka anatoka, anayetaka kurudi anakuta bati limeshuka. Wakati anakitengeneza nilimsimulia habari za panya buku wa Morogoro, wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nikamwambia habari za Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, akagundua mabomu 71, akapewa medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020, akafa Januari 2022 akiwa mstaafu. Mama alikuwa anachagua mchele, hakuinua kichwa. "Hao wanasoma," akasema.

Wiki ya kwanza usiku ulikuwa mzuri. Tulimwaga majivu mbele ya bomba, kila asubuhi tukaona nyayo za kutoka, za kurudi hakuna. Zikapungua, zikaisha. Fundi akaja, akatoa bomba, akaziba. Mama alinipigia simu kuniambia amelala mpaka jua limempata.

Siku kumi baadaye akapiga tena. Meno.

Nilikwenda nikiwa nimeishiwa maneno. Fundi akakagua kila wavu, uko imara. Darini, gizani, nyota hakuna hata moja. Jioni nikatoa kiti uani, nikakaa tu naangalia nyumba. Ziwa lilikuwa limetulia, wadudu wake wamesimama juu ya maji kama moshi wa moto usioonekana. Saa moja na robo hivi, mwanga umebaki kidogo, nikamwona. Anatoka kwenye nguzo ya umeme, juu ya waya, mkia umenyooka nyuma, bila haraka yoyote. Akavuka uwanja mzima juu ya kichwa changu, akafika ukutani, akaingia pembeni ya waya unapoingia nyumbani. Mafundi waliotuunganishia umeme walitoboa ukuta tundu la kupitisha mkono, wakapitisha waya wa unene wa kidole, wakaondoka. Waya wenyewe uliziba mwanga, ndiyo maana kutoka ndani hatukuona kitu.

Lile tusingeligusa wenyewe, wala lisingetiwa stilwaya, chuma na umeme havitaniwi. Akaja fundi umeme mwenye leseni, umeme ukakatwa, akapitisha waya kwenye bomba lake na kuzungushia saruji. Kabla ya hapo tulirudisha kile kibati kwa siku tano, maana Mama aliuliza kama nimehakikisha hakuna mwenye watoto.

Hiyo ilikuwa Septemba. Mvua za kwanza zimepita na dari iko kimya. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunakunywa chai uani, Mwalimu akatokea, akatusalimia, akauliza hali ya Mama, akauliza bei ya dagaa Mwaloni, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akasema amekuja kuchukua ngazi yake.

"Karibu, Mwalimu," nikasema, "na samahani, imekaa sana."

"Hapana, hapana." Akaitazama imeegemea ukuta, imejaa saruji kwenye vipandio. "Huyu fundi wenu, yeye kazi yake anahesabu kwa siku au kwa tundu?"

Mama akajiinamia kwenye kikombe.

"Na mmoja wao," Mwalimu akaongeza, akiwa ananiangalia mimi, "ana mkia mwekundu."